Kilo 10 kwa siku 21: mvivu ni mimi, au mpango ndio mbovu?

SWALI

Washauri wetu, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga, nina miaka 41. Urefu wangu ni sentimita 162, na nilipoanza haya ninayowaandikia nilikuwa na kilo 86. Kitinda mimba wangu ana miaka mitatu. Nina presha, nameza vidonge viwili kila asubuhi, kimoja ni cha kuongeza mkojo.

Mwezi uliopita nilianza kufuata mpango wa mwalimu mmoja wa mazoezi niliyemwona mtandaoni. Ana wafuasi wengi na mwili wake umejengeka hasa, huwezi kumtazama ukasema hajui anachokifanya. Mpango wenyewe ni wa kupunguza kilo 10 kwa siku 21. Masharti ni haya: asubuhi kabla ya kula, vijiko viwili vya siki ya tufaha kwenye maji ya uvuguvugu yenye limau. Wali, ugali, chapati na mihogo marufuku. Kila siku skwati 200 (kuchuchumaa na kuinuka) na sitapu 100 (kulala chali na kuinua kiwiliwili), hakuna siku ya kupumzika. Wakati wa mazoezi ujifunge nailoni tumboni na mkanda juu yake ili mafuta yayeyuke. Usiku unywe chai yake ya majani, niliyoinunua kwa shilingi 45,000.

Siku nane za kwanza nilipungua kilo 4, nikafurahi mno. Siku ya tisa ilikuwa harusi ya mtoto wa wifi yangu, nikala sahani moja ya pilau. Asubuhi yake mizani ikaonyesha nimeongezeka kilo 2. Nilipomwandikia mwalimu, akajibu kwamba nimeharibu kazi yote kwa mdomo wangu, nianze tena siku ya kwanza. Nikaanza tena. Sasa magoti yananiuma nikipanda ngazi, nikisimama ghafla naona kizunguzungu, usiku miguu inakaza, na mizani haishuki.

Shoga yangu ananishauri nihamie kwa mwalimu mwingine. Huyo anasema kutembea ni kupoteza muda, kinachosaidia ni kunyanyua vyuma tu, na ule kwanza ndipo ufanye mazoezi. Yaani kinyume kabisa na huyu wa kwanza, na naye ana wafuasi wengi vilevile.

Naomba mniambie: mimi ndiye mvivu? Na mtu ambaye hakusomea mambo haya atamtambuaje mkweli kati ya wote hawa? Jambo la mwisho ndilo linaloniumiza zaidi. Binti yangu wa miaka 16 ameanza kujifunga nailoni kama mimi, na mtoto mwenyewe hana tumbo lolote.

Mama Watatu, Tanga

JIBU

Mama Watatu, nzuri, na pole kwa maumivu. Tuanze na lisilosubiri.

Chai hiyo iache leo, usingoje pakiti iishe. Chai nyingi zinazouzwa kwa jina la kukata tumbo zina sanamaki, majani ambayo wazee wa pwani wanayajua vizuri kuwa ni ya kuharishia. Ukiharisha hutoki choo peke yake, yanatoka pia maji na chumvi za mwili, hasa potasiamu. Wewe tayari unameza kidonge cha kuongeza mkojo, na aina nyingi za vidonge hivyo nazo hupunguza potasiamu. Weka juu yake jasho la nailoni, na mwili wako unakamuliwa maji kwa njia tatu kwa mpigo. Kizunguzungu cha kusimama ghafla na miguu kukaza usiku vinaendana kabisa na hali hiyo, na potasiamu ikishuka sana hata mapigo ya moyo huvurugika.

Vidonge vya presha usiviache wala kuvipunguza mwenyewe. Nenda kliniki kesho ikiwezekana, ubebe pakiti ya chai pamoja na vidonge vyako. Omba upimwe presha ukiwa umekaa na ukiwa umesimama, kisha uulize kama unahitaji kipimo cha damu cha chumvi hizo. Moyo ukianza kurukaruka au ukizimia, usisubiri siku ya kliniki, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa swali lako la kwanza. Hapana, dada yetu, si uvivu. Mpango ule usingeweza kumpunguza kilo 10 za mafuta mtu yeyote wa umbo lako, na hilo linajulikana kwa kalamu na karatasi kabla hujatoa hata senti.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina akiba ya kalori takriban 7,700. Kilo 10 ni 77,000. Zigawe kwa siku 21, unapata kama 3,670 kila siku, na hizo ni kalori unazopaswa kupungukiwa, yaani kutumia zaidi ya unazokula. Mwanamke wa miaka 41, kilo 86, sentimita 162, mwenye shughuli za kawaida za nyumbani na kazini, hutumia kama 2,100 kwa siku. Kwa hiyo hata ungefunga mdomo siku zote 21 usile punje, usingefika. Na skwati 200? Huchukua dakika 10 au 12 na kutumia kalori zisizozidi 100 hivi, chini ya nusu ya chapati moja. Hesabu hii ifanye kwa kila anayekuahidi kilo na siku: kilo mara 7,700, gawa kwa siku alizotaja. Jibu likizidi 1,000 kwa siku, ujue zile kilo si za mafuta, au hazipo.

Utauliza, mbona nilipungua kilo 4 kweli? Ulipungua, na kila kilo ina maelezo. Wanga tunaokula, sehemu yake huhifadhiwa kwenye misuli na ini, gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu hukaa na maji kama gramu 3. Ukikata wali na ugali ghafla, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka: hapo kilo moja na nusu hadi mbili zimeondoka ndani ya siku chache. Chakula kidogo tumboni pamoja na kuharisha, kama kilo nyingine. Mafuta yenyewe, kwa siku nane za kujinyima sana, yanaweza kufika kilo moja. Ndizo 4 zako.

Na ile pilau? Ili upate kilo 2 za mafuta usiku mmoja ungepaswa kula kalori 15,400 juu ya mahitaji yako. Sahani ya harusi, hata iliyojazwa na nyama juu, haikaribii hata robo yake. Mchele ulirudisha akiba ya wanga, akiba ikashika maji yake, chumvi ya pilau ikashika mengine. Hukuharibu chochote. Ulikuwa na kiu ya siku nane, mwili ukanywa.

Hapa tunataka utulie kidogo, maana jibu alilokupa mwalimu ndilo kipimo kizuri kuliko vyote. Uzito uliposhuka, sifa zilikuwa za mpango. Ulipopanda, kosa likawa la mdomo wako. Mpango uliojengwa hivyo hauwezi kushindwa kamwe, kwa sababu kila anayefaulu anahesabiwa na kila anayekwama anaambiwa hakutii. Mshauri wa kweli hukwambia tangu mwanzo: ukifuata hivi kwa wiki nne au sita na hakuna mabadiliko, tunabadilisha hiki na hiki. Ushauri ambao haujataja utajulikanaje kuwa umeshindwa, usiuanze.

Ndivyo yalivyo hata maoni ya watu chini ya video. Chukulia watu 1,000 wameanza, 960 wakaacha kimyakimya kwa kuumia au kukata tamaa, 40 wakaona mabadiliko na kuandika "asante mwalimu". Wewe utawasoma 40 tu, na wale 960 kila mmoja yuko kwake anadhani mvivu ni yeye.

Tuje kwenye magoti. Hujataja kuwa ulikuwa ukifanya mazoezi kabla, kwa hiyo siku nane tu zilikufikisha skwati 1,600 kutoka sifuri, bila siku ya kupumzika, na goti linabeba kilo 86. Msuli huzoea kazi ndani ya wiki kadhaa. Kano na gegedu la goti ni wazito zaidi kuzoea. Unapochoka, kuanzia kama ya 20 hivi, kiuno hulegea, visigino hunyanyuka, magoti huingia ndani, na skwati 180 zilizobaki unazifanya kwa umbo bovu. Namba 200 haikutoka kwenye mwili wako, ilichaguliwa kwa kuwa inapendeza kwenye kichwa cha video. Mazoezi ya ghafla yaliyozidi kipimo yana hatari nyingine pia: misuli huweza kuharibika hadi ichafue figo. Ukiona, siku moja hadi tatu baada ya mazoezi makali, mkojo wa rangi ya chai kavu au soda nyeusi, huku misuli imevimba na inauma kupita kawaida, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo.

Sitapu hazichomi mafuta ya tumbo. Hujenga msuli ulio chini yake, basi. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walipima mikono ya wachezaji wa tenisi, watu ambao mkono mmoja hufanya kazi kubwa miaka na miaka. Mkono wa raketi ulikuwa na msuli mkubwa zaidi, lakini mafuta chini ya ngozi yalikuwa sawa mikono yote miwili. Mwaka 2011 utafiti mwingine uliwapa watu mazoezi ya tumbo kwa wiki sita, na mafuta ya tumbo hayakupungua kuliko ya wenzao wasiofanya. Mwili huchagua wenyewe pa kutoa mafuta.

Na kwa mama aliyezaa mara tatu kuna jambo ambalo mwalimu alipaswa kukuuliza kabla ya kutamka sitapu. Lala chali, kunja magoti, weka vidole juu kidogo ya kitovu, kisha inua kichwa polepole. Vidole vikizama kwenye mwanya unaozidi upana wa vidole viwili, au katikati ya tumbo ikiinuka kama paa la nyumba, misuli yako imeachana tangu ujauzito. Sitapu zaweza kuzidisha hali hiyo. Muone mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, wapo kwenye hospitali za mkoa.

Nailoni haiyeyushi kitu. Inazuia joto lisitoke, unatoka jasho, mizani inashuka, ukinywa lita moja ya maji kilo moja inarudi. Kwa joto la Tanga na kwa mwenye presha, ni kujitafutia kuanguka.

Siki tuitaje haraka, ila ina funzo. Mwaka 2024 jarida moja la BMJ, wachapishaji wa majarida ya kitabibu wa Uingereza, lilichapisha utafiti wa vijana wa Lebanoni uliosema kijiko cha siki ya tufaha kila asubuhi hupunguza kilo kadhaa ndani ya wiki 12. Habari ikazunguka dunia nzima. Septemba 2025 jarida lenyewe likaufuta, kwa sababu takwimu zake hazikuaminika. Video zilizounukuu bado zipo na bado zinasambazwa. Kwa hiyo mtu akisema "utafiti umethibitisha", mwulize: upi, wa mwaka gani, ulifanywa kwa watu au kwa panya, watu wangapi, wiki ngapi, na bado unasimama? Akishindwa hata la kwanza, hilo neno utafiti ametia chumvi tu. Siki yenyewe ni tindikali, na ukiinywa kila siku tumbo likiwa tupu inaweza kula meno na kuchoma koo.

Sasa mwili wake uliojengeka. Tunaelewa kwa nini ulimwamini, macho huona haraka kuliko akili inavyopima. Lakini mwili wa mtu hausemi ulijengwa na nini. Waweza kuwa wa miaka 15 ya mazoezi, wa kurithi, au wa sindano. Mmarekani Brian Johnson, aliyejiita Liver King, alipata mamilioni ya wafuasi kwa kula maini mabichi mbele ya kamera na kuapa kwamba hatumii dawa za kukuza misuli. Desemba 2022, baada ya barua pepe zake kuvuja, alikiri kwamba alikuwa akizitumia. Waliokuwa wakila maini kwa kumfuata hawakuwa na njia ya kujua kwa kumtazama kifua. Ndiyo maana tunakushauri uzime picha, usikilize sauti peke yake, uandike alichosema kwenye karatasi. Maneno yenyewe yana kiasi? Yana muda? Yamesema nani asifanye?

Hilo la mwisho lizingatie kuliko yote. Mpango wako ulikuwa na masharti matano, na hakuna hata moja lililotanguliwa na swali: una presha? Sukari? Mjamzito? Unanyonyesha? Unatumia dawa gani? Uliumia wapi? Ushauri uleule wa chai ambao kijana wa miaka 22 angeumwa nao tumbo tu, kwako unaingia kwenye dawa za presha. Mtu asiyeuliza hajui anamshauri nani, hata kama anajua mazoezi.

Halafu tazama fedha inaingilia mlango gani. Kuuza si dhambi, mwalimu naye anakula. Tatizo ni pale anachokuuzia ndicho kinachotibu tatizo alilokwambia unalo. Soma pakiti ya chai: ina jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato na kiasi chake, namba ya usajili? Isiyo na orodha ya viambato usiinywe, hata kama imeandikwa "asili tupu". Katika bidhaa za kupunguza mwili zilizoitwa za mitishamba imewahi kukutwa, nchi mbalimbali, dawa iitwayo sibutramine, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo. Dawa hiyo hupandisha presha, na mnywaji hawezi kuitambua kwa ladha. Ukithibitisha kliniki kwamba chai imekudhuru, waombe wapeleke taarifa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kwa ajili ya wenzako. Kwa msomaji wa Kenya ni Bodi ya Famasi na Sumu.

Kuhusu vyeti, neno "kocha" halina mwenyewe, kila mtu anaweza kujiita. Muulize cheti chake ni cha nini na kimetolewa na nani. Aliyesomea mazoezi akufundishe mazoezi, akianza kukuandikia chakula cha mgonjwa wa presha amevuka mpaka wake. Chakula ni kazi ya afisa lishe, na hospitali za wilaya wanaye. Kenya wataalamu wa lishe wana taasisi yao inayowasajili, KNDI, na jina la mtu linaweza kuulizwa hapo. Maumivu ya goti ni ya daktari au fiziotherapia. Cheti peke yake hakitoshi, tumeona wenye vyeti wakiuza chai.

Haya, walimu wawili wanaopingana. Usichague kwa wingi wa wafuasi, tafuta wa tatu asiyekuuzia kitu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa mwaka 2020 unasema mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa kasi, au 75 hadi 150 za makali, na siku mbili au zaidi awe na mazoezi ya kutia misuli nguvu. Ukiwaweka wote wawili mbele ya mwongozo huo, yule wa vyuma yuko sahihi kuhusu nguvu na amekosea kuhusu kutembea. Yule wa kwanza ameacha kabisa suala la kupumzika. Kula kabla au baada ya mazoezi hakuleti tofauti kubwa ya mafuta, ni jambo la starehe ya mtu. Wewe mwenye kizunguzungu, kula ndizi moja kwanza.

Ukishatoka kliniki na wamekuruhusu (presha ikiwa 180/110 au zaidi, mazoezi yasubiri hadi ishuke), anza hivi.

Kutembea: dakika 20, siku tano kwa wiki, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kila wiki ongeza dakika 5 hadi ufike 30 au 40.

Nguvu: siku mbili zisizofuatana, Jumanne na Ijumaa kwa mfano. Badala ya skwati, kaa kwenye kiti cha kawaida cha kulia chakula na usimame bila kushika kitu, mara 8, pumzika dakika mbili, rudia hadi mizunguko mitatu. Kiti kikiumiza goti, weka mto juu yake kiwe kirefu zaidi. Kisha sukuma ukuta kwa mikono mara 8, mizunguko mitatu. Kisha lala chali magoti yamekunjwa, inua makalio, shikilia sekunde mbili, mara 10. Toa pumzi unapoinuka, usiibane, maana kubana pumzi hupandisha presha palepale. Ongeza mara moja au mbili kila wiki. Ukifika 15 bila kuyumba, kumbatia dumu la lita 5 lenye maji, unakuwa umeongeza kilo 5, urudi kwenye 8.

Goti likikuuma kidogo, tuseme 3 kati ya 10, na likatulia kabla ya kesho yake, endelea. Likizidi hapo, likivimba au likibaki linauma siku ya pili, punguza mizunguko kuwa miwili au ongeza mto mwingine.

Chakula: ugali na wali virudi. Nusu ya sahani mchicha, matembele au mboga nyingine, robo samaki, dagaa, kunde au mayai, robo iliyobaki ugali wa ukubwa wa ngumi yako. Cha kupunguza kwanza ni chai yenye sukari nyingi, soda, maandazi ya asubuhi na mafuta ya kukaangia. Chumvi ipungue pia kwa ajili ya presha.

Mizani: jipime asubuhi tatu kwa wiki, baada ya choo na kabla ya kula, chukua wastani wake, ulinganishe wastani wa wiki na wiki. Siku moja moja haina maana, umeshaona pilau ilivyokudanganya. Kiuno kipime kwa futi ya fundi cherehani usawa wa kitovu, kila wiki mbili. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Kwa siku 21 ni kilo moja na nusu, hakuna atakayetengeneza video kwa hiyo. Lakini kwa miezi miwili hadi mitatu utakuwa umetoa kilo 4 au 5 za mafuta halisi, na kiasi hicho, kama asilimia 5 ya uzito wako, huanza kuonekana hata kwenye kipimo cha presha. Wiki sita zikipita wastani haujasogea, mpango huu ndio unaopaswa kubadilishwa. Anza kwa kupunguza vijiko vya mafuta ya kupikia, na umwone afisa lishe.

Kuhusu binti. Usimgombeze, anaiga alichokiona kwako, na wewe uliiga alichoonyeshwa kila mtu. Mwambie kwamba nailoni umeiacha na umwambie sababu, kwa maneno ya jasho na maji kama tulivyoeleza. Msichana wa miaka 16 bado anakua, haifai kupewa mpango wowote wa kupunguza mwili kutoka mtandaoni. Ukiona anaruka milo, anajitapisha, au hedhi imekatika, mpeleke kwa daktari bila kusubiri.

Kisha mfanyie jambo moja, chukueni simu mkae sebuleni saa kumi jioni. Akupige picha ukiwa umetazama dirisha moja kwa moja, umekunja mabega, umelegeza tumbo, mkanda wa sketi chini ya kitovu. Halafu geuka mwanga wa dirisha uje ubavuni, vuta mkanda juu ya kitovu, mguu mmoja mbele, mabega nyuma, toa pumzi yote uingize tumbo, akupige ya pili. Dakika tano hazijapita. Ziwekeni kando kwa kando kwenye kioo cha simu, umwachie yeye aandike ipi ni "kabla" na ipi ni "baada".